Ukuta wa Betri

Jumatatu, 5 Januari

Joto la mwaka huu limekuja na hasira zake. Nje lami inashika viatu, na mimi nimeshinda kutwa nimevaa sweta. Chumba changu cha seva kiko chini kabisa ya jengo la kampuni yetu ya bima, na viyoyozi sita vinapuliza humo bila kupumzika ili mashine zisichemke. Anayevitunza, pamoja na mafundi wenzake wawili, ni mdogo wake mume wangu. Jina lake hakuna anayelitumia tena. Kazini na nyumbani ni Kipupwe.

Asubuhi Mkurugenzi aliniita. Ni mama mrefu, anaongea polepole kama mtu anayepima kitambaa. "Bodi inakaa Aprili," akasema. "Nataka umeme wa chumba chako ushuke nusu. Na nataka ripoti ya mazingira nitakayoisoma mbele yao bila kukohoa."

Nilitaka kumkumbatia. Miaka yote hii nimekuwa nikisema mikutanoni kwamba tunachoma dizeli kuhifadhi takataka. Umeme ukikatika, jenereta letu linatema moshi kwenye madirisha ya nyumba za nyuma, na watu wa kule wameacha kuanika nguo upande wetu. Nasema, wananiitikia, halafu inaletwa chai. Leo nimepewa ruhusa. Wakati wa kurudi nyumbani nimenunua daftari hili, niandike msimu ambao angalau mara moja nitafanya jambo la maana.

Alhamisi, 8 Januari

Hakuna jipya. Joto.

Jumanne, 13 Januari

Nimekuta picha ya mlango wa gari lililogongwa zamani. Dai lilishalipwa, mwenye gari alishahama kampuni, na gari lenyewe huenda lilishageuka masufuria. Picha hiyo tunayo mara kumi na saba. Kila idara ilijiwekea yake, kila nakala ikawekewa nakala ya kuilinda, na zote zinazunguka kwenye diski zinazokula umeme mchana kutwa.

Kipupwe alikuwa juu ya ngazi akisafisha kichujio. Nikamwonyesha.

"Kumbe Shem, mimi nimeajiriwa kuupepea mlango wa gari," akasema.

Mpango wangu ni mwepesi kueleza. Nakala za ziada zifutwe. Mafaili ya zamani yasiyoguswa na mtu yahamishiwe kwenye kanda za sumaku, ambazo zikishaandikwa hukaa kabatini bila kudai hata taa. Mashine zitakazobaki tupu zizimwe. Na chumba kiachwe kipate joto kidogo, maana mashine za siku hizi hazihitaji baridi ya mochwari.

Watu wa idara ya madai wamegoma kufuta. "Na zikihitajika?" Nikawauliza mara ya mwisho zilihitajika lini. Hakuna aliyekumbuka, na hakuna aliyekubali.

Jumapili, 18 Januari

Kipupwe na mkewe wamekuja kula kwetu kama kawaida, na pacha wao wawili wa kike ambao hawakai chini hata ukiwafunga kamba. Mama mkwe, anayeishi nasi tangu alipofiwa, huwa anaisubiri siku hii tangu Jumatatu. Alinishika mkono mbele ya wote: "Huyu mwanangu ndiye aliyempa mdogo wake kazi. Nisingekuwa naye, sijui."

Mimi niliona haya. Ni kweli nilimwombea kazi, lakini ukweli mwingine ni kwamba namwona Kipupwe mzaha mwingi, jasho kidogo. Anaweza kukaa saa nzima akimwigiza mlinzi wa getini. Mume wangu husema ndivyo alivyo tangu utoto, anacheka ili asiulizwe.

Jumatatu, 2 Februari

Leo tumezima safu ya kwanza. Nilibonyeza mwenyewe. Taa za kijani zikafa moja baada ya nyingine, feni zikapunguza mwendo, na ule mvumo niliouzoea hadi nikaacha kuusikia ukashuka nusu. Nikasikia maji yakipita kwenye bomba ukutani. Sikujua kama kuna bomba pale.

Kipupwe alisimama nyuma yangu na bisibisi mkononi. Viyoyozi vitatu havikuwa na kazi tena. Akavitazama, akanitazama, akasema, "Hongera Shem." Sauti yake haikuwa na mzaha. Mimi nilikuwa na furaha yangu, sikusimama kufikiri.

Ijumaa, 6 Februari

Nyuma ya chumba cha seva kuna ukuta mzima wa betri. Ni betri kubwa za risasi, kila moja nzito kama gunia dogo la saruji, zimepangwa kwenye rafu za chuma hadi darini. Kazi yake ni kuzibeba mashine kwa zile dakika chache kati ya umeme kukatika na jenereta kuwaka. Mashine zikipungua, betri nazo zinapungua. Nusu ya ukuta haihitajiki tena.

Jana nilizipa namba zile za kuondoka, kwa kalamu nyekundu ya wino mzito, ubavuni. Leo Afisa Manunuzi ameleta lori. Ni kijana mtanashati, viatu vinang'aa, anamwita kila mtu "mkubwa".

"Zinakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kuchakatwa, mkubwa. Nina mtu wangu. Kila kitu kwa utaratibu."

"Kiwandani?"

"Kiwandani."

Nimeandika kwenye ripoti kwamba betri zote zimepelekwa kiwandani kuchakatwa kwa njia salama. Sentensi imekaa vizuri.

Jumatano, 11 Februari

Mkurugenzi ameniita tena. Alikuwa na mpango wangu mezani, umepigwa mistari kwa penseli. "Viyoyozi vitatu vimezimwa. Kwa nini bado tuna mafundi watatu?"

Nikasema tunaweza kuwapa kazi nyingine. Akaniuliza ipi. Nikasema nitafikiri.

"Nimeshafikiri. Anabaki mmoja, yule mzee mwenye uzoefu. Wawili mikataba yao inaishia katikati ya mwezi huu. Najua mmoja ni shemeji yako. Ndiyo maana nakuambia wewe kwanza, kwa heshima. Lakini usimwambie kabla ya ofisi."

Nilitoka nikiwa nimeshukuru. Nilifika kwenye ngazi ndipo nikajiuliza nilichokuwa nashukuru.

Jumapili, 15 Februari

Wamekuja kula. Kipupwe alikuwa anapiga hesabu na kaka yake ya kuongeza chumba kimoja, pacha wanakua. Mume wangu anamwambia anza na msingi, usisubiri. Mimi nikagawa mboga. Mama Pacha, mkewe, akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikasema kichwa.

Jumanne, 17 Februari

Ameambiwa. Alikuja chumbani kwangu na sanduku lake la vifaa.

"Shem, ulijua?"

"Nilijua."

"Jumapili ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa waya uliokatika mahali alipokuwa akitafuta. "Basi sawa. Kumbe ulikuwa huna maumivu ya kichwa." Akaenda kumuaga yule fundi mzee. Walicheka. Nilisikia wakicheka kupitia mlango.

Jumapili, 22 Februari

Hawakuja. Mama mkwe alikula chumbani. Zamani alikuwa akiniita mwanangu. Leo alimwambia mume wangu, nikiwa nimesimama hapo hapo: "Mwambie mkeo chumvi imeisha."

Mume wangu anasema atapoa. Yeye mwenyewe hanitazami sana.

Alhamisi, 26 Februari

Kipupwe amepata kibarua kwenye yadi ya vyuma chakavu, ng'ambo ya reli. Ameanza tangu Ijumaa. Nafuu.

Jumapili, 1 Machi

Wamekuja. Kipupwe ameleta nyama, amemwigiza tajiri wa yadi anavyopanda gari lake akiwa mnene kuliko mlango. Tumecheka wote, hata Mama. Nikafikiri labda mambo yamejipanga. Nikamuuliza anafanya nini pale. "Tunapasua vitu, Shem. Vya watu wakubwa."

Jumatano, 4 Machi

Bili ya umeme imetoka. Imeshuka zaidi ya nusu. Jenereta limewaka mara moja tu wiki nzima, na kwa muda mfupi. Nimepanda juu ya jengo kuangalia nyumba za nyuma. Kuna shuka mbili nyeupe zimeanikwa upande wetu.

Nilikaa pale nikizitazama hadi mlinzi akaniuliza kama niko salama.

Jumapili, 8 Machi

Kipupwe hakula. Anasema tumbo linamsokota, na mdomoni ana ladha kama ya sarafu. Mama Pacha amenivuta jikoni. "Amekuwa mkali," akasema. "Jana aliwafokea watoto kwa kucheza. Yeye. Unaamini?" Sikuamini. Mama mkwe anasema ni mawazo. Alisema akinitazama, ili nijue mawazo hayo yametoka kwa nani.

Jumanne, 10 Machi

Joto. Mawingu yanakuja jioni, yanakaa, yanaondoka.

Jumapili, 15 Machi

Kikombe kimemponyoka Kipupwe. Hakikuwa kizito wala cha moto. Aliuangalia mkono wake kama wa mtu mwingine. Uso umepauka, mashavu yameingia ndani. Nikamwambia aende hospitali. "Nikienda nakatwa siku, Shem. Kule hakuna likizo." Kaka yake akasema tumwache, ni mtu mzima.

Jumamosi, 21 Machi

Jana mchana Mama Pacha alinipigia simu nikiwa kazini. Kipupwe ameanguka yadini, amejikunja, anapiga kelele kwa tumbo. Wenzake wamempakia kwenye mkokoteni wa vyuma hadi barabarani.

Tulikutana hospitali: mimi, mkewe, mume wangu, Mama. Daktari ni dada mdogo mwenye miwani, sauti ya upole. Hakuanza na tumbo. Aliuliza: "Kazi yake ni nini?"

"Fundi viyoyozi," akasema Mama.

"Kazi ya sasa hivi," akasema daktari.

Mama Pacha ndiye aliyejibu. "Anapasua betri."

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Betri ziko nyingi duniani, nikajiambia. Za magari, za malori.

Daktari akamtoa Kipupwe damu. Akauliza anavaa nini kazini, nguo nani anafua, watoto wana umri gani. Mkewe akasema nguo anafua yeye, kwenye beseni moja na za watoto. Daktari akaandika, kisha akasema kwa ile sauti ya upole kwamba watoto nao waletwe.

Jumanne, 24 Machi

Majibu. Daktari alituketisha. "Ana risasi mwilini, nyingi sana."

Mama mkwe akasimama. "Nani amempiga mwanangu?"

Hakuna aliyecheka. Mume wangu akamshika bega, akamweleza kwamba ni madini, ni yale ya ndani ya betri, yakivunjwa hutoa vumbi, yakiyeyushwa hutoa moshi. Mama akakaa. Akauliza dawa yake.

"Ipo ya kuitoa kwenye damu," daktari akasema. "Tumeanza. Lakini nyingine imeshaingia kwenye mifupa. Mwili hauifuti. Unaihifadhi, na inaweza kutoka kidogo kidogo kwa miaka mingi." Na mkono? "Mishipa ya fahamu imeguswa. Tusubiri."

Pacha mmoja yuko salama. Mwenzake anayo kidogo. "Kidogo ni kiasi gani?" Mama Pacha akauliza. Daktari akavua miwani. "Kwa mtoto hatusemi kidogo, dada."

Jumatano, 25 Machi

Nimekwenda yadini na Mama Pacha. Alitaka kuchukua nguo za mumewe na ujira wa siku zake za mwisho. Mimi nilitaka kuona, ingawa nilikuwa nikiomba nisione.

Ni kiwanja kilichozungushiwa mabati. Wanaume wamekaa chini, kila mmoja na shoka lake. Anaiweka betri katikati ya miguu, anaipasua kifuniko, anaiinamisha, maji ya tindikali yanatiririka kwenye mfereji hadi nje ya ukuta. Wanachomoa sahani za risasi kwa mikono. Pembeni pipa lililokatwa limewekwa juu ya moto, na juu yake moshi wa kijivu usio na haraka. Hakuna aliyevaa glavu. Mmoja alikuwa anakula mkate.

Betri zilizokuwa bado hazijapasuliwa zilipangwa kando ya bati. Nilizijua kabla sijafika karibu. Rangi, ukubwa, na ubavuni namba nyekundu kwa mwandiko wangu. Tarakimu ya saba nina mazoea ya kuikata kwa mstari katikati. Kila saba niliyoiona pale ilikuwa imekatwa.

Msimamizi aliniuliza kama nanunua. Nikasema hapana, naangalia tu. Mama Pacha alikuwa anakunja shati la mumewe, nikamnyang'anya, nikamwambia asilitie mkobani na vitu vya watoto. Sikumwambia kitu kingine.

Alhamisi, 26 Machi

Afisa Manunuzi hakukana. "Mkubwa, kiwanda cha kweli kiko mbali, na wanataka tulipie usafiri. Huyu anakuja na lori lake, na analipa. Nani angekataa? Bei nzuri, na kitu kimeondoka." Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Kwake yeye kitu kikishaondoka, kimekwisha.

Nikapanda kwa Mkurugenzi. Nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, na naamini alihuzunika. Akauliza hali ya mgonjwa, akauliza ya mtoto. Kisha akasema: "Ripoti imeshachapwa. Bodi ni tarehe nane. Tupite hapo, halafu tutalishughulikia kimya kimya, na familia nitaisaidia mimi mwenyewe."

"Ile sentensi ni uongo," nikasema.

"Wakati unaiandika ulijua ni uongo?"

"Hapana."

"Basi hukudanganya."

Nilikaa na jibu hilo mchana wote. Lingeweza kunitosha. Nililigeuza kila upande nione kama linanitosha.

Ijumaa, 27 Machi

Mume wangu: "Ukisema watakufukuza. Matibabu yake analipa nani? Wewe ndiye mwenye mshahara wa maana humu ndani." Ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Basi?" Nikasema sijui. Tumelala mzungu wa nne.

Jumapili, 29 Machi

Nimekwenda hospitali peke yangu, nikimbebea uji. Kipupwe ana nafuu ya tumbo. Mkono wa kulia anaunyanyua, lakini kiganja kinaning'inia. Nikamlisha hadi kikombe kikaisha.

Nikasema, "Nimekwenda yadini."

"Mama Pacha kaniambia."

"Zile betri ni zetu."

"Najua, Shem. Nilijua siku ile ile naanza. Nani mwingine anaikata saba namna ile?" Akatabasamu nusu. "Nikajisemea, kazi yangu imenitangulia, nami nimeifuata."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alifikiri. Sijawahi kumwona akifikiri kabla ya kujibu, au labda sijawahi kumtazama. "Ulikuwa umefurahi sana na chumba chako," akasema. "Na mimi nilikuwa nahitaji kibarua. Ningekuambia ungekuja kuzichukua zile betri, tungekosa wote."

Miaka yote nilimwona mtu wa mzaha. Alijua chumba kile vizuri, alijua mpango wangu utamfikisha wapi tangu tulipozima safu ya kwanza, na akanipongeza.

Nilipokuwa natoka akaniita. "Shem. Wale wenzangu bado wako pale."

Jumanne, 31 Machi

Mawingu. Hayanyeshi.

Jumatano, 8 Aprili

Bodi. Meza ndefu, chupa za maji, wazee wa heshima na mama mmoja mwenye kifaa cha kusikia. Mkurugenzi alisoma vizuri. Umeme umeshuka, dizeli imeshuka, mafaili yamehamia kwenye kanda. Yote kweli. Akafika kwenye betri, akaisoma ile sentensi yangu bila kukohoa. Wakapiga makofi. Akasema, "Aliyeifanya kazi hii yuko hapa," akanionyesha kwa mkono, nisimame nishukuriwe.

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanikimbia. Nikasema: "Ile sentensi ya betri niliiandika mimi, na si kweli. Sikwenda kuona. Zilikwenda kwenye yadi ng'ambo ya reli, zinapasuliwa kwa shoka. Mmoja wa wanaozipasua alikuwa fundi wetu hadi Februari. Yuko hospitali, na mwanawe ana risasi kwenye damu. Betri nyingine bado ziko pale, na wanaume bado wako pale. Naomba tukazichukue."

Yule mama mwenye kifaa aligeuka kwa jirani yake akauliza nimesema nini, ikabidi jirani aseme yote tena, kwa sauti, neno kwa neno. Nadhani hilo ndilo lililofanya kazi. Kulisikia mara mbili kuliwashinda. Mwenyekiti akafunga karatasi zake, akamuuliza Mkurugenzi kama alikuwa anajua. Mkurugenzi akanitazama. Akasema, "Nilijua."

Namheshimu kwa hilo. Sidhani kama atanisemesha tena.

Ijumaa, 10 Aprili

Sikufukuzwa. Nimeondolewa kwenye mpango wa mazingira, amepewa mtu wa ghorofa ya tatu ambaye hajawahi kushuka chumbani kwangu. Kampuni itagharimia matibabu ya Kipupwe na ya mtoto. Afisa Manunuzi amehamishwa tawi. Betri zilizosalia zimerudishwa, na kwa kuwa hakuna pengine pa kuziweka, zimepangwa kwenye ile nusu ya chumba niliyoizima. Kazi yangu ya miezi mitatu imetengeneza nafasi ya kuwekea betri.

Nilikuwepo yadini zilipopakiwa. Wale wanaume walisimama kando na mashoka yao. Mmoja akaniuliza, bila ukali, "Sasa sisi kesho tunafanya nini, mama?" Leo nimesikia yadi imehamia mahali pengine, kwa betri za watu wengine.

Jumapili, 12 Aprili

Kipupwe ametoka hospitali. Alivaa shati lake jipya lakini vifungo vilimshinda. Mama mkwe akainuka, akamfunga kimoja kimoja hadi shingoni, kama anampeleka shule. Hakuna aliyejua pa kutazama. Pacha wakadhani ni mchezo, nao wakaja wafungwe.

Ufundi wa viyoyozi haurudii tena. Ameniambia mwenyewe, kwa utulivu uliokuwa mgumu kuusikia kuliko kilio. Wanahamia kwa wazazi wa Mama Pacha, wana duka dogo, atakaa kwenye kiti na kurudisha chenji kwa mkono wa kushoto.

Jioni Mama alikuja jikoni nikiosha vyombo. Akachukua kitambaa akaanza kukausha sahani. "Nilitaka nikuchukie moja kwa moja," akasema. "Nimejaribu." Akapanga sahani kabatini. "Sijakusamehe, mwanangu. Lakini nimechoka kula chumbani."

Jumanne, 21 Aprili

Mvua imeanza. Kiwanda cha kweli kimekubali kuzipokea betri zetu, kiko mwendo wa siku mbili kwa lori. Yule bwana wa ghorofa ya tatu aliniletea karatasi nimtilie sahihi kwamba zimefika salama. Lori lilikuwa halijaondoka.

Nikashuka uwanjani na mwavuli. Dereva alikuwa anafunga turubai. Nikamuuliza kama kuna nafasi mbele.

"Safari ndefu, mama. Na barabara ndiyo hii unayoiona."

Nikapanda.

Alhamisi, 23 Aprili

Kiwanda kipo. Kina ukuta, kina bomba refu la moshi lenye vichujio, na wafanyakazi wamevaa barakoa nzito hata huwezi kujua nani mwanamke nani mwanaume. Wanakoga na kubadili nguo kabla ya kwenda nyumbani, nimeonyeshwa mabafu. Hakuna maajabu yoyote. Ni mahali tu ambapo watu wamehesabiwa kuwa ni watu.

Nilisimama kwenye mvua mpaka betri ya mwisho ikashushwa. Namba zangu zilikuwa zimeanza kuchuruzika, maji mekundu yakashuka ubavuni.

Karani wa mapokezi alizihesabu, akalinganisha na karatasi yetu yenye hesabu ya zile zilizoondoka Februari, akahesabu tena. "Zimepungua," akasema. "Hapa zimeandikwa nyingi kuliko hizi. Nyingine ziko wapi?"

Alikuwa ameshika kalamu, akisubiri neno moja la kujazia nafasi. Nikavuta kiti nikakaa.